Tume ya Kutafakari Kitanzi

Nchi yenyewe haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asihangaike kutafuta mipaka yake wala kuniuliza wakuu wake ni akina nani. Inatosha kujua kwamba ni nchi ya amani, yenye wimbo mzuri wa taifa, na yenye mazoea ya kufikiri sana kabla ya kutenda, hasa pale ambapo kufikiri kunalipwa posho. Humo, katika mji mdogo wenye soko kubwa, aliishi Mwanasiti, mke wa Sudi Kirumbi, kinyozi.

Sudi alikuwa na mkono mwepesi. Wazee walisinzia wakinyolewa naye, na watoto waliokuwa wakilia mlangoni walitoka kwake wanajitazama kwenye kioo. Siku moja Katibu Tarafa, bwana mzito aliyekuwa ametoka kula pilau ya harusi mbili mfululizo, aliketi kwenye kiti cha Sudi, akafumba macho, akakata roho kabla povu halijaenea shavu la pili. Moyo wake ulikuwa umechoka, na soko zima lilijua.

Kwa bahati mbaya daktari wa serikali wa kuchunguza maiti alikuwa likizo, na Katibu Tarafa hakuwa mtu wa kufa hivi hivi tu bila mhusika. Mahakama iliona kwamba marehemu alikuwa na shingo na Sudi alikuwa na wembe. Wakili wa kupewa na serikali alijikaza akasema kwamba shingoni hapakuwa na hata mchubuko. Jaji akajibu kwamba hilo ndilo lililomtisha zaidi, maana mtu anayeua kwa wembe bila kuacha jeraha ni mzoefu wa kazi hiyo. Akamhukumu Sudi kunyongwa hadi kufa, kisha akamtakia siku njema.

Mwanasiti alirudi nyumbani macho makavu. Kilio kilimjia baadaye, alipokuta taulo za dukani bado zimeanikwa na mumewe kwa mpangilio wake ule ule, nyeupe mbele, za rangi nyuma.

*

Sasa nchi ile ilikuwa haijamnyonga mtu kwa muda mrefu. Kitanzi kilikuwapo, kikipanguswa vumbi kila sikukuu ya uhuru, lakini waliowahi kukiona kikifanya kazi walikuwa wamestaafu au wamekufa. Katika majira hayo wafadhili wa ng'ambo walimuuliza Mkuu wa Nchi, aliyeitwa Baba wa Wote, kama ni kweli serikali yake inanyonga watu. Baba wa Wote akajibu kwamba serikali yake hainyongi wala haiachi kunyonga, bali inatafakari. Ili asionekane mwongo, jioni ile ile aliunda Tume ya Taifa ya Kutafakari Kitanzi, akaagiza kwamba hadi Tume itakapomaliza kupima hoja za kunyonga na za kutonyonga, mfungwa Sudi Kirumbi asiguswe.

Mwanasiti aliisikia habari hiyo redioni akiwa anamnyoa mteja, kwa kuwa tangu mumewe akamatwe yeye ndiye aliyeshika wembe. Aliweka wembe chini akapiga magoti palepale kwenye nywele zilizomwagika. Aliwajua waheshimiwa wa nchi yake. Walikuwa watu wanaoweza kuzungumza, na alivyoelewa yeye, kadiri wanavyozungumza ndivyo mumewe anavyoishi. Usiku ule aliomba dua moja tu, kwamba Mungu awazidishie maneno.

Tume ilipewa ukumbi wenye feni katika mji mkuu, na mwenyekiti wake akawa Mheshimiwa Kilimbe, mtu mwenye sauti nzito na kidevu cha heshima. Upande wa kunyonga uliongozwa na Bwana Mgeta Ndimbo wa Chama cha Walinzi wa Kamba. Upande wa kutonyonga uliongozwa na Bi Zamzamu, wakili wa Umoja wa Wapenda Uhai, mama mpole aliyevaa nyeupe kila siku na kulia kwa urahisi. Katikati yao, juu ya jukwaa, aliwekwa Sudi kwenye kigoda.

Aliwekwa pale kwa sababu ya desturi. Nchi ile ina desturi iitwayo Kuona kwa Macho, nayo ilianza siku kiongozi mmoja wa zamani alipokwenda kufungua hospitali akakuta ni kibao tu kimesimamishwa porini. Tangu hapo ikawa mwiko kuamua jambo ambalo waamuzi hawajaliona wenyewe. Njaa ilipotangazwa kusini, mawaziri walihamia huko na wapishi wao, wakala akiba yote iliyobaki ili waone sawasawa njaa inavyoingia. Basi haikuwezekana kujadili mtu wa kunyongwa bila kumtazama mtu wa kunyongwa. Wajumbe walipanda jukwaani mmoja mmoja, wakamminya mkono, wakamtazama meno, wakarudi kuketi.

Ugomvi wa kwanza wa Tume ulihusu sura ya kielelezo. Bi Zamzamu alitaka Sudi awe mwembamba na mnyonge, ili mioyo ilainike. Bwana Ndimbo alitaka awe na ndevu na atazame watu kwa chuki, la sivyo haki haitatendeka. Mkuu wa gereza, Afande Sururu, mtu wa utaratibu asiyemwonea mtu, ndiye aliyepata suluhu. Asubuhi Sudi angenyimwa chai ili aonekane mnyonge, na mchana angechomwa juani kidogo ili aingie ukumbini akiwa amekunja uso. Pande zote mbili zilipiga makofi. Mwanasiti, aliyekuwa akipanda lori siku za vikao kumletea mumewe chakula, aliombwa kwa adabu asilete nyama siku ambazo Bi Zamzamu ana zamu ya kuongea.

*

Hoja zikaanza kupimwa. Bwana Ndimbo alisema kitanzi kinazuia uhalifu, na kwamba anao ushahidi usiopingika: katika wote waliowahi kunyongwa tangu nchi iundwe, hakuna hata mmoja aliyerudia kosa. Bi Zamzamu akasema, je, akinyongwa mtu asiye na hatia? Kosa hilo litarekebishwaje? Ndimbo akatabasamu. Alisema ofisi ya malalamiko ya magereza iko wazi kila siku ya kazi, na hakuna mtu aliyenyongwa kimakosa ambaye ameshawahi kufika kulalamika. Wajumbe walitazamana kwa mshangao, maana wengi wao hawakuwahi kuliona jambo hilo kwa upande huo.

Siku ya hoja ya kisasi aliitwa mjane wa Katibu Tarafa. Alikuja amevaa buibui, akasema kwa sauti ya chini kwamba marehemu mumewe alikuwa ameonywa na waganga wote kuhusu moyo wake na pilau, kwamba yeye hana neno na kinyozi, na kwamba anaomba mume wa mwenzake arudishwe nyumbani. Mwanasiti, kwenye benchi la nyuma, aliinua viganja kushukuru. Mheshimiwa Kilimbe alimshukuru mjane kwa moyo wake mkubwa. Kisha akaeleza kwamba katika hadidu za rejea mjane wa marehemu amepangwa upande wa hasira, na hivyo maneno yake yatachukuliwa kama hasira, ila hasira iliyosemwa kwa upole.

Hapo Mwanasiti alishindwa kuvumilia. Alisimama bila kuruhusiwa, akasema mbele ya feni na waheshimiwa wote kwamba mumewe hajamuua mtu.

Mwenyekiti hakukasirika. Alikuwa mtu mstaarabu, akamtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea mlango.

"Mama," akasema, "hilo liko nje ya kazi yetu. Hapa hatuulizi kama aliua. Tunauliza kama ni vizuri kumuua."

Akaombwa aketi, akaketi. Bi Zamzamu alimgeukia akamshika bega, akamnong'oneza kwamba asivuruge mambo, kwa sababu hoja yao ni ya kanuni, na kanuni ikichanganywa na mtu mmoja inapoteza nguvu.

*

Tume ilizunguka mikoa yote, na Sudi akazungushwa nayo. Mwanasiti alifunga duka akawafuata kwa malori ya mahindi. Huko safarini ndiko Mheshimiwa Kilimbe alikogundua kwamba kielelezo ni kinyozi hodari. Kinyozi wake mwenyewe alikuwa amebaki mji mkuu, na kidevu cha heshima hakiwezi kwenda hadharani na vinyweleo. Basi kila asubuhi, kabla ya kikao, Sudi alifunguliwa pingu, akapewa wembe, na mwenyekiti akalaza kichwa nyuma na kufumba macho. Alipenda kuwaambia wajumbe kwamba mkono ule ni wa dhahabu na kwamba hajawahi kujisikia salama namna ile. Akishapakwa maji ya waridi, alisimama, Sudi akafungwa pingu, na wote wawili wakaenda kujadili kama mmoja wao anyongwe.

Mwanasiti aliyaona hayo kwa macho yake, akiwa amesimama kwenye uzio wa nyumba ya wageni ya serikali. Aliuona wembe ukipita juu ya koo lile, taratibu, ukipanda na kushuka, na akili yake ikapita mahali ambapo haikuwahi kupita. Siku ya kuruhusiwa kuzungumza na mumewe, alimwambia bila kuficha.

"Ungeteleza kidogo tu."

Sudi alikuwa amekonda hata sauti yake imekonda. Alimtazama mkewe, akacheka, kicheko chake kile kile cha dukani.

"Halafu wawe wamesema kweli?"

"Ungekuwa umemwondoa mmoja."

"Siti, hicho ndicho kitu pekee walichoshindwa kuniondolea. Mkono wangu ni msafi. Niachie hicho." Akautazama mkono wenyewe. "Halafu mwenyekiti ana ngozi ngumu, unajua. Siku ya kwanza ilinipa kazi."

Mwanasiti alimchukia siku ile. Alimchukia kwa wema wake, kwa kujivunia kazi hata mbele ya watu wale. Alilala kwenye lori akiwa ameupa mgongo ukuta wa gereza, na asubuhi alipoamka chuki yenyewe hakuiona tena, akapika uji mzito, akaupeleka.

*

Kila kitu kina mwisho, hata maneno ya waheshimiwa. Tume ilirudi mji mkuu, kura zikapigwa, zikawa sawa kwa sawa. Zikapigwa tena, zikawa sawa tena. Mwanasiti alikaa nyuma akiwa na furaha ya siri, kwa kuwa kura sawa maana yake mazungumzo yaendelee, na mazungumzo yalikuwa pumzi ya Sudi.

Kilichowagawanya kilikuwa hoja moja iliyobaki. Bi Zamzamu alisema kunyonga ni ukatili unaomdhalilisha binadamu. Bwana Ndimbo alisema si ukatili hata kidogo, ni jambo la haraka, mtu hapati hata nafasi ya kukohoa. Walibishana hadi chai ya saa nne ikapoa. Ndipo Mheshimiwa Kilimbe alipoinua mkono, akauliza swali la upole kabisa.

"Katika sisi sote humu, nani ameshamwona mtu akinyongwa?"

Hapakuwa na aliyemwona. Wajumbe walijikuna vichwa. Mwenyekiti akasema kwamba amesikitika sana, kwa sababu Tume imekuwa ikijadili jambo ambalo haijaliona, na hilo ni kinyume cha desturi ya taifa. Hoja ya ukatili haiwezi kupimwa kwa kusikia. Ilikuwa lazima ionwe kwa macho, na kwa bahati nzuri kielelezo wanacho.

Bwana Ndimbo aliafiki papo hapo. Macho yote yakamgeukia Bi Zamzamu, na Mwanasiti naye akamwangalia, akishikilia ubao wa benchi kwa mikono miwili. Bi Zamzamu alilia. Alilia kwa muda wa kutosha, akajipangusa kwa leso nyeupe, akasema kwamba huo ni uamuzi mgumu kuliko yote katika maisha yake ya utetezi. Lakini alikuwa na hakika kwamba yeyote atakayeona ataguswa, kwamba kura zitahama, na kwamba maelfu ya watu ambao hawajazaliwa wataokolewa na mtu mmoja. Kwa ajili ya uhai, akasema, Umoja wa Wapenda Uhai unakubali.

Mwanasiti alikimbilia mbele. Safari hii alijizuia asilie, akazungumza nao kwa lugha yao, akitoa mapendekezo. Akasema wangetundika gunia la mchanga lenye uzito wa mtu. Mtaalamu wa Tume akajibu kwamba gunia halihisi, na kinachopimwa ni ukatili. Akasema wanyonge mbuzi. Wakajibu kwamba sheria ya mifugo hairuhusu. Akasema basi, kwa kuwa wote wanataka ukweli, ajitolee mmoja wa waheshimiwa, anayeamini kwamba haiumi.

Bwana Ndimbo alitazama saa yake. Mwenyekiti akatangaza mapumziko ya chai, na waliporudi pendekezo hilo halikuwapo tena kwenye ajenda.

*

Asubuhi ya siku yenyewe, Mwanasiti hakuruhusiwa kuingia, kwa kuwa mke ni mtu mwenye hisia na angeweza kupotosha matokeo. Alisimama nje ya ukuta wa gereza, mahali ambapo sauti za ndani zinafika.

Alisikia viti vikipangwa. Alisikia wajumbe wakigombea vya mbele, na Afande Sururu akiwaomba wenye kofia wazivue ili walio nyuma nao waone. Alisikia mwenyekiti akitoa hotuba kuhusu uzito wa siku ile katika historia ya fikra. Mnyongaji alikuwa kijana aliyerithi cheo kutoka kwa baba yake bila kurithi ujuzi, na wakati wote wa hotuba alikuwa akimuuliza Sururu kamba iwe ndefu kiasi gani. Sururu alimjibu kwamba yeye ni mtu wa milango.

Kisha alimsikia Sudi. Hakutoa kauli ya mashujaa. Alimwita mkewe kwa jina, mara moja, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka chumba cha pili, na Mwanasiti akaitika "Abee" kwa nguvu zake zote, bila kujua kama amesikika.

Kamba ilikuwa fupi mno. Sitaeleza kilichofuata, kwa sababu Tume ndiyo iliyotaka kuona, si msomaji. Niseme tu kwamba halikuwa jambo la haraka, na kwamba ukuta ule haukuwa mnene. Mwanasiti aliziba masikio, akayazibua, akaona ni usaliti kumwacha mwenzake peke yake hata kwa kusikia, akasimama akasikiliza hadi mwisho. Katikati alisikia mtu akitapika, na baadaye akajulishwa kwamba alikuwa Bwana Ndimbo. Kimya kilipofika, sauti ya mwenyekiti iliuliza kama wote wameona vizuri. Mjumbe mmoja wa nyuma akasema kwa unyonge kwamba alikuwa akifuta miwani, kama inawezekana aonyeshwe tena mwanzo.

Kura ilipigwa palepale uwanjani. Hapakuwa na aliyepinga. Wote, wa kamba na wa uhai, waliinua mikono huku machozi yakiwatoka, wakaazimia kwamba kunyonga ni ukatili usiostahili taifa lao na kwamba kukomeshwe mara moja na milele. Mheshimiwa Kilimbe hakuweza kusoma azimio kwa kwikwi, likasomwa na katibu.

Lango lilifunguka, Bi Zamzamu akatoka mbio, nguo yake nyeupe imekunjamana. Alimkumbatia Mwanasiti kwa nguvu, akilia na kucheka pamoja.

"Tumeshinda, dada yangu," akasema. "Tumeshinda."

Mwanasiti alisimama ndani ya mikono ile kama mtu aliyevikwa nguo isiyo yake. Alisubiri hadi alipoachiwa, akaenda sokoni kununua sanda.

*

Mji mkuu ulicheza ngoma siku ile. Baba wa Wote alitia saini sheria mpya kabla ya adhuhuri, na kwa sababu alitaka vizazi vijavyo vijue kwamba chini ya uongozi wake hakuna aliyewahi kunyongwa, aliagiza sheria ihesabiwe kuwa imeanza kutumika tangu alfajiri. Wafadhili walituma salamu za pongezi. Tume ilipewa safari ya mapumziko.

Jioni Mwanasiti alifika kwenye ofisi ya gereza na kifurushi chake. Afande Sururu alimkaribisha kiti, akamuuliza shida yake. Akasema amekuja kuchukua mwili wa mumewe, akauzike kwao.

"Mwili upi, mama?"

"Wa Sudi Kirumbi. Mliyemnyonga asubuhi."

Sururu alisikitika. Hakuwa mtu mbaya, na alimweleza polepole ili aelewe. Nchi hii hainyongi watu, tangu alfajiri. Wote waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa wamegeuziwa adhabu kuwa kifungo cha maisha, na kwa kuwa aliyehukumiwa alikuwa mmoja tu, basi ni huyo huyo Kirumbi. Mfungwa wa maisha hatoki. Angemtoa, yeye Sururu angeshtakiwa kwa kutorosha mfungwa.

"Amekufa, Afande. Maisha yake yameisha."

"Yameishaje?" Sururu akauliza, na aliuliza kwa dhati. "Kunyongwa hakunyongwa, sheria inasema hivyo. Ugonjwa, zahanati haina habari. Kuuawa, sisi humu hatuui. Mimi nitaandika nini? Mtu wangu yupo, amelala chumba chake, hana neno na mtu."

Mwanasiti alihisi kwamba maneno yamemwishia, yeye aliyekuwa ameomba yazidishwe. Alifungua kifurushi, akaitoa sanda, akaiweka juu ya meza. Akasema basi, angalau avikwe hii.

Sururu aliikunjua, akaipapasa pindo zote kuhakikisha hapakufichwa kisu wala tumbaku, akaikunja tena vizuri kuliko ilivyokuwa. Akasema nguo kutoka nyumbani zinaruhusiwa, ataifikisha yeye mwenyewe. Kisha akamkumbusha kwamba siku ya kutembelea wafungwa ni Jumapili.

"Atavikwa na nani?" Mwanasiti akauliza. "Nani atamvika?"

Afande Sururu alikwisha simama kumfungulia mlango.

"Wafungwa wetu huvaa wenyewe, mama," akasema.